Kombo, Farasi wa Marehemu

2 Desemba 1912

Naandika ili hasira isipoe. Watu wananiambia muda ni dawa. Mimi sitaki dawa.

Mume wangu Matonya tulimzika mwezi wa kumi. Alikufa kwa viboko. Bomani Mpwapwa walimpiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kama wanavyompiga kila mtu, wakamwachia aende zake. Akapanda milima kwa miguu mpaka hapa kwetu juu ya Kibakwe, akalala kifudifudi, mgongo ukaoza, akafa. Kosa lake, walisema, ni kuficha vijana waliotoroka kazi ya barabara.

Hakuficha mtu. Vijana wale ni watoto wa kaka yake, Jumbe Chiduo, na aliyewaficha porini ni baba yao mwenyewe. Askari walipokuja kuwatafuta, Chiduo akanyoosha kidole kwenye nyumba yetu. Matonya alijua kila kitu akanyamaza. Aliniambia kaka yake atakwenda bomani kusema ukweli kabla kiboko hakijainuliwa. Chiduo hakwenda. Alituma mtu aseme ana ng'ombe anayezaa.

Baada ya matanga Chiduo alichukua ng'ombe na mbuzi. Alitaka kunirithi na mimi pia. Nikakataa, na Bartolomayo, mwalimu wa kanisa letu, akasimama upande wangu. Basi akaniachia vitu viwili asivyovitaka: mama yao mzazi, Bibi Tabu, ambaye alisema haondoki nyumba ya Matonya, na farasi mwenye matege.

5 Desemba

Huyu farasi anaitwa Kombo. Jina alimpa Matonya. Mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi, wa Mdachi mmoja mpima ardhi, na Mdachi alipoondoka kwenda pwani alimwachia mnyama huyu kwa sababu hakuna mtu ambaye angemnunua. Miguu ya mbele imegeukia nje kama ya bata. Ya nyuma, magoti yanaelekeana karibu kugusana, kwato zimekwenda kando. Akitembea unaweza kudhani kila mguu unakwenda kijiji chake.

Leo nimemtandika kama nilivyomwona Matonya akifanya. Sijawahi kupanda farasi maishani mwangu.

6 Desemba

Nimeanguka.

7 Desemba

Nimeanguka tena. Mama mkwe alikuwa mlangoni akiniangalia. Hakucheka, hakuniinua. Naamini amebaki hapa ili ampelekee mwanawe habari zangu.

12 Desemba

Sasa nakaa juu bila kuanguka kwenye tambarare. Kwenye mlima ni habari nyingine. Kupanda, Kombo hana shida, anajisukuma kwa miguu yake ya nyuma na mimi nashika singa za shingo yake. Kushuka ndipo penye kazi. Leo tulipokuwa tunashuka kutoka shambani niliogopa, nikavuta hatamu kwa nguvu ili asiende haraka. Kichwa chake kikapanda juu, akawa haoni anapokanyaga. Kwato ya kulia ikapiga mguu wa kushoto kwa ndani, akapiga magoti, na mimi nikapita juu ya shingo yake nikatua kwenye miiba.

Nilikaa pale chini nikimtukana. Yeye alisimama ananisubiri, damu inamtoka kifundoni.

13 Desemba

Nimekumbuka kwamba Matonya alikuwa akimfunga vitambaa miguuni. Nilidhani ni mapambo. Nimepasua kaniki yangu ya zamani, nimemfunga miguu yote miwili ya mbele, juu kidogo ya kwato. Nikashuka naye njia ile ile, hatamu nimeilegeza kabisa. Akainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi, akawa anachagua jiwe baada ya jiwe kama mwanamke anayechagua mtama. Tukafika chini.

16 Desemba

Leo nimempitisha Kombo mlangoni kwa Chiduo.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda pamoja na wazee wake, wanakunywa pombe. Nilisimamisha farasi, nikasema, "Shikamoo, shemeji." Akaitikia marahaba kwa sababu watu walikuwepo. Wazee walicheka matege ya farasi. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama tandiko, na tandiko lile lote limeshonwa na mkono wa mdogo wake.

Nitapita kila siku. Simwambii neno baya. Nataka tu kila siku akumbuke.

17 Desemba

Nimepita. Shikamoo. Marahaba.

18 Desemba

Nimepita.

20 Desemba

Mvua ya kwanza, kubwa, na upepo. Nilipita hivyo hivyo, nimelowa. Alikuwa ndani, lakini aliisikia sauti yangu.

25 Desemba

Krismasi. Tuliimba kanisani. Bibi Tabu si Mkristo, alibaki nyumbani, nikarudi nikakuta amempa Kombo mabua ya uwele bila kuambiwa. Nilimwuliza kama mwanawe mkubwa amekuja. Akasema, "Hajakuja." Sikumwamini.

9 Januari 1913

Tumepanda uwele, mimi na mama. Ana nguvu kuliko nilivyodhani.

Kila mtu hapa ana njaa yake, na mimi nina yangu. Nikilima namwona Chiduo kwenye kila tuta. Siku nyingine nataka nyumba yake iungue. Siku nyingine nataka wanawe wakamatwe. Lakini nikifika kwa wanawe nasita, kwa sababu Matonya alipokea viboko kwa ajili yao, na nikiwatoa nitakuwa nimekifanya kifo chake kuwa cha bure. Kwa hiyo namtaka yeye peke yake.

15 Januari

Nilikwenda bomani. Mto umejaa, njia ya bondeni haipitiki, nikashika njia ya mgongo wa mlima. Humo kuna mahali panaitwa Ngazi, mawe yamepangana kama vidato, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili hakuna kitu ila vichwa vya miti chini kabisa. Nilipofika hapo nilishuka nikatembea mbele, Kombo akanifuata kwa mwendo wake wa bata. Hakuteleza hata mara moja. Pale nilimpenda.

Bomani walinisikiliza kwa njia ya mkalimani. Nilisema yote. Mkalimani alisema maneno machache sana kuliko yangu. Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa boma, aliuliza kama nina shahidi. Nikasema shahidi alikuwa mume wangu. Akasema shauri hili limekwisha, na Jumbe Chiduo ni mtu wa serikali.

Nimerudi. Nimepita mlangoni pake. Shikamoo. Alikuwa anatabasamu, maana habari ilifika kabla yangu.

28 Januari

Chiduo amenunua farasi. Ni mweupe, miguu imenyooka kama nguzo, amemleta kutoka reli ambako Mgiriki mmoja anauza wanyama. Kijiji kizima kilikwenda kumwangalia. Sasa nikipita, naye anapanda wake, ananizunguka, anasema kwa sauti watu wasikie, "Mke wa mdogo wangu, hiki ndicho kinaitwa farasi."

Nikasema ni mzuri. Ni mzuri kweli.

7 Februari

Mvua kila siku. Mbu ni wengi.

11 Februari

Jioni nilipokuwa namrudisha Kombo nilimwona yule mweupe amefungwa kule chini kwenye majani mabichi ya bwawa, ili wapita njia wamwone. Matonya hakumwacha Kombo nje jua likizama hata siku moja wakati wa mvua. Alimwingiza ndani ya tembe akawasha moshi wa mavi ya ng'ombe kufukuza mbu. Mwaka wa kwanza Kombo aliugua homa ya farasi akapona, na Matonya alisema farasi kumi wakiugua anapona mmoja.

Mtumishi wa Chiduo alikuwa karibu. Ningeweza kumwambia. Niliona, nikapita.

22 Februari

Farasi mweupe amekufa. Asubuhi alikuwa amesimama miguu imepanuka, anahema, mchana povu jeupe likamtoka puani kama sabuni, akaanguka. Chiduo alikaa karibu na mzoga mpaka jua likazama. Wanasema alilia.

Nilifurahi, kisha nikaona aibu kwa ajili ya mnyama, kisha nikafurahi tena.

23 Februari

Nimepita mlangoni. Shikamoo, shemeji. Hakuitikia.

10 Machi

Akida wetu wa zamani amestaafu, na Bwana Shauri atachagua mwingine miongoni mwa majumbe. Chiduo haongei jambo lingine. Akiwa akida atakuwa juu ya majumbe wote wa milima hii, na askari watakuwa wake. Bartolomayo aliniambia polepole kwamba ikiwa hivyo, nitafute mahali pa kuhamia. Nilimwuliza niende wapi. Hakujua.

21 Machi

Ijumaa Kuu. Bartolomayo alihubiri kuhusu kusamehe, akanitazama. Baadaye alikuja nyumbani akasema moyo wangu utapasuka kama chungu. Nilimwambia Bwana Yesu aliwasamehe waliompigilia misumari yeye mwenyewe, lakini mimi hawakunipiga mimi. Walimpiga Matonya. Basi Matonya ndiye asamehe, na Matonya yuko kaburini. Bartolomayo aliinuka kwenda zake. Ni mtu mwema, na sipendi kumwumiza, lakini sikuona la kubadilisha.

Bibi Tabu alikuwa anasikiliza. Alipoondoka mwalimu, mama alisema, "Alipokuwa mdogo, Matonya alikuwa akimpa kaka yake nyama yake." Halafu akaenda kuchota maji. Ni mara ya kwanza kutaja jina lake tangu tumzike.

26 Machi

Nitaandika yote ya leo, nisije nikayageuza baadaye.

Asubuhi alikuja tarishi wa boma na amri kwamba majumbe wote wawe Mpwapwa kesho mchana mbele ya Bwana Shauri, na asiyekuwepo hana haki ya kuchaguliwa. Amri ilichelewa njiani kwa sababu ya mto. Wenzake Chiduo wanakaa bondeni, wako karibu. Yeye kwa miguu asingefika, maana ni mtu mzito na goti lake moja linamuuma. Njia iliyobaki ni ile ya mgongo wa mlima, na aliyebaki na farasi ni mimi.

Alikuja na wazee wawili na watumishi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemtandika Kombo niende shambani, vitambaa viko miguuni. Hakunisalimu. Alisema amekuja kuchukua farasi wa mdogo wake, mali ya ukoo. Nikasema alimwacha mwenyewe siku ya kugawa. Akasema sasa anamtaka. Watumishi wakashika hatamu.

Kwanza nilitaka kunyamaza. Nilifikiri: mwache aende, Ngazi ipo. Kisha nikamtazama usoni. Alikuwa ananichungua kama mtu anayetazama chakula alichopewa na adui. Nikajua kwamba neno lolote nitakalosema leo, atafanya kinyume chake. Hapo moyo wangu ukatulia kabisa, nikamwambia kweli yote, polepole, mbele ya wazee.

Nikasema, "Shemeji, usimvue vitambaa, kwa sababu anajipiga miguu. Kwenye mteremko mlegezee hatamu, usimvute hata ukiogopa, mwache ainamishe kichwa. Ukifika Ngazi, shuka, mwongoze kwa mkono. Usimkimbize."

Akacheka kwa pua. Akasema, "Tangu lini unanitakia mema?"

"Sikutakii mema," nikasema. "Nakwambia jinsi anavyopandwa."

Mmoja wa wazee alisema pengine ni kweli, maana mwanamke huyu amempanda msimu mzima hatumwoni akivunjika. Chiduo akasita. Nilimwona akisita. Mama alikuwa amekaa kivulini anamenya njugu mawe, kikapu kiko magotini. Chiduo akamgeukia.

"Mama, wewe unakaa naye. Unamwona kila siku. Hivi anavyosema ndivyo?"

Bibi Tabu aliinua macho akamtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainama akaendelea kumenya njugu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Chiduo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea siri. Akasema, "Nimekuelewa, mama."

Akaamuru vitambaa vifunguliwe. Akavishika mwenyewe, akavikung'uta, akavinusa, akatafuta mizizi au unga uliofichwa. Akavitupa nje ya ua. Akafupisha hatamu mpaka kidevu cha Kombo kikagusa kifua. Akapanda. Kombo alinigeuzia sikio, ndipo nikakumbuka kwamba na yeye anakwenda. Katika hesabu yangu yote sikuwa nimemweka farasi.

Nilitaka kusema jambo. Sijui lingekuwa lipi. Akampiga teke ubavuni, wakaondoka.

Mama alimenya njugu mpaka kikapu kikajaa.

27 Machi

Bartolomayo alikuwa anapanda kutoka Kibakwe. Alikutana na Kombo njiani peke yake, tandiko limepinduka tumboni, magoti yote mawili yamechunika mpaka kwenye mfupa, na ndani ya mguu wa kushoto ana jeraha la kwato yake mwenyewe. Akafuata nyayo mpaka Ngazi. Chiduo alikuwa chini ya mawe. Shingo ilikuwa imevunjika. Kipande cha hatamu kilikuwa bado kimezungushwa mkononi mwake, mara mbili.

Walimleta kwenye machela ya miti. Vilio vilianza kabla hawajafika.

Bartolomayo aliniuliza mbele ya watu kama nilimwambia marehemu jinsi ya kumpanda. Wazee wawili wakajibu wao: alimwambia kila kitu, sisi tulisikia. Watu wakanitazama kwa heshima. Mmoja akasema nina moyo wa kikristo.

30 Machi

Nilidhani siku hii itakuwa kama chakula baada ya njaa. Sivyo. Wala sijuti. Nimejichunguza kama nijuavyo na majuto sijayakuta. Kinachoniuma ni hiki: nilitaka ajue. Nilitaka akianguka ajue ni Matonya. Hakujua kitu. Alikufa akiamini amenishinda akili.

3 Aprili

Boma limemchagua jumbe wa bondeni kuwa akida. Hakuna aliyeuliza habari za Chiduo.

5 Aprili

Wanawe wametoka porini kumlilia baba yao. Wamekonda sana. Mkubwa alikuja kunishukuru kwa kuwa nilijaribu kumwokoa. Nilimpa maji ya kunywa, nikaingia ndani.

12 Aprili

Magoti ya Kombo yanapona. Atabaki na makovu.

20 Aprili

Mama hasemi. Analima, anapika, anakula kidogo. Msimu mzima nilidhani yeye ni jicho la Chiduo ndani ya nyumba yangu. Sasa sijui yeye ni nani. Nikimwambia pole, anaitikia kama mtu aliyesalimiwa na mpita njia.

30 Aprili

Mvua zimekwisha. Uwele unaiva, ndege ni wengi.

6 Mei

Leo mama alisema anataka kupaona. Sikuuliza wapi.

Hawezi kutembea mbali hivyo. Nikamfunga Kombo vitambaa vipya, nikampandisha mama juu, akashika singa kwa mikono miwili, na mimi nikaongoza. Hajawahi kupanda mnyama. Kwenye mteremko wa kwanza nilitaka kumweleza, akasema, "Najua. Nimekuona."

Ngazi ilikuwa kavu. Nilimshusha, akakaa kwenye jiwe akatazama chini kule kwenye vichwa vya miti. Nilisimama na farasi. Nilijitayarisha kwa laana, na kama angenilaani ningeipokea.

Akasema, "Nilimwona akinitazama. Ningeinamisha kichwa tu kukubali, angefanya ulivyosema. Aliniamini mimi."

Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyejua hataniamini."

"Najua. Wewe ulisema ukweli ili asiuamini, na mimi nilinyamaza ili asiuamini. Watu wanakusifu wewe na wananihurumia mimi." Alipangusa uso kwa ncha ya kaniki. "Lakini usiseme tena, hata moyoni mwako, kwamba umelipa kisasi cha mumeo. Wewe hukutoa kitu. Mimi nilikuwa nao wawili, mmoja akamla mwenzake, na mimi nikamtoa aliyebaki. Kisasi hiki ni changu. Usikiguse."

Msimu mzima nilikuwa nimelala nacho na kuamka nacho, na kumbe hakikuwa changu.

Nilimwuliza kama sasa atakwenda kukaa na wajukuu zake kwenye nyumba ya Chiduo. Nilisema ningeelewa.

"Nitakaa kwako mpaka nife," akasema. "Kila ukiniona utakumbuka, na kila nikikuona nitakumbuka. Nani mwingine nitakaa naye? Wale hawajui. Nipandishe, twende."

Nikampandisha. Jioni nikasonga ugali, nikamwekea mlenda pembeni. Alinawa mikono, akasogea, akala.